Mijusi weusi wa mwambani: wana sumu? Na tukijenga ukuta wa bahari watakwenda wapi?

*"Habari za kazi. Tumehamia Kigamboni, nyumba yetu iko juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yakipwa tunaona vidimbwi chini. Pale mwambani kuna mijusi wadogo weusi, hawazidi urefu wa kiganja, wengi kweli kweli. Wanashuka hadi kwenye mawe yenye maji, wimbi likija wanapotea, na wengine nimewaona kwa macho yangu wakiingia majini. Jirani anasema ni watoto wa kenge, wana sumu, wakikulamba ngozi inababuka. Jana mwanangu wa miaka tisa amekamata mmoja. Mkia umekatika. Amemweka kwenye ndoo ya maji ya bahari na kokoto, tumempa wali na dagaa, hali. Halafu mume wangu amepatana na fundi atujengee ukuta wa zege ukingoni mwa mwamba pamoja na ngazi ya kushukia baharini. Fundi anashauri tuzibe matundu yote ya mwamba kwa saruji na tupulizie dawa, ili mijusi, panya na nyoka wahame. Nifanye nini? Na mjusi anaishije kwenye maji ya chumvi?"*

Dada, tuanze na aliye ndani ya ndoo, maana ukuta unaweza kungoja wiki nzima, yeye hawezi. Mtoeni kwenye maji sasa hivi. Huyu ni mjusi wa nchi kavu anayetafuta riziki ukingoni mwa bahari. Kuogelea anajua, lakini akifungiwa mahali ambapo hawezi kupanda juu akajikausha, atachoka, atapoa, na mwisho atazama. Chukueni chombo kikavu chenye kimo, hata dumu la lita 5 lililokatwa juu. Tandikeni kitambaa kikavu kilichokunjwakunjwa apate pa kujichomeka, kisha funikeni kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira. Kikae ndani, kivulini. Jua ndilo linaloua wengi wanaokamatwa na watoto: ndani ya plastiki, mwili usiofika hata gramu 5 hupata joto la kuua kwa dakika chache tu. Dondosheni matone mawili matatu ya maji ya kunywa kwenye ubavu wa chombo, akitaka atalamba. Wali na dagaa viondoeni. Hali kwa sababu ana hofu na mwili umepoa, na zaidi ya hapo anawinda kwa macho, kwa hiyo kisichotembea kwake si chakula. Siku moja bila kula haimdhuru.

Kesho mrudisheni palepale alipokamatwa, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapasha jiwe na, ikiwezekana, maji yakiwa yanatoka. Mwanao alaze chombo juu ya alama ya maji, mdomo wa chombo ukielekea ufa, kisha mrudi nyuma hatua tano. Atatoka mwenyewe. Msimtupe majini kwa kudhani mnamrudisha kwao, wala msimpeleke kwenye ufukwe wa mchanga ulio mzuri zaidi machoni pa watu, kwa sababu mchangani hakuna nyufa, na bila nyufa hana maisha.

Mkia usiwatie hofu. Mifupa ya mkia wa mjusi huyu ina sehemu za kukatikia, na misuli ya pale hujibana mara moja ikazuia damu. Msipake spiriti wala mafuta yoyote. Utaota mwingine kwa muda wa wiki na miezi, mfupi kuliko wa kwanza na wenye rangi moja, na ndani yake patakuwa na gegedu badala ya pingili za mifupa. Hata hivyo mkia uliokatika ulikuwa na akiba ya mafuta ya mwili, ndiyo maana inafaa arudi mwambani mapema aanze kula. Na mtoto aelezwe kwa upole kwamba siku nyingine asimshike mjusi kwa mkia. La mwisho kuhusu ndoo: wote mliomshika naweni mikono kwa sabuni. Mijusi na kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela kinyesini, wanaoharisha watu, hasa watoto. Hilo ndilo dhara pekee la kweli analoweza kumletea mwanao, na sabuni inalimaliza.

Sasa tumjue. Mijusi wa magamba laini yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ni wa kundi ambalo kitaalamu huitwa Scincidae, na hapa nitawaita skinki. Huyu wa kwenu ni *Cryptoblepharus africanus*. Mkikuta vitabu vya zamani vinamwita *Cryptoblepharus boutonii*, ni yuleyule: jina hilo lilianza kwenye kisiwa cha Morisi mwaka 1831 kwa kumheshimu mtaalamu wa mimea aliyeitwa Bouton, na kwa miaka mingi karibu ukoo wote wa Bahari ya Hindi uliwekwa chini ya jina hilo moja. Jina la *africanus* lilitolewa na mtaalamu wa wanyama watambaao, Sternfeld, mwaka 1918. Anaishi kwenye miamba ya pwani kuanzia Somalia, akapita Kenya, Tanzania na Msumbiji, hadi kaskazini mwa KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, ambako anajulikana zaidi kwenye mwamba mmoja uitwao Black Rock.

Mtazameni vizuri akiwa kwenye chombo, kisha linganisheni na wa nyumbani. Mjusi kafiri wa ukutani ana ngozi nyororo, na vidole vyake vimetanuka kwa chini, ndiyo maana hupanda kioo na dari. Skinki wa mistari, yule mnene anayeota jua juu ya matofali na hufika zaidi ya sentimita 20, ana kope zinazotembea. Mkikaa naye kwa utulivu mtamwona akipepesa. Huyu mweusi wa mwambani ana vidole vyembamba virefu vyenye kucha, mwili umebanwa kidogo kutoka juu, rangi ni ya makaa au shaba iliyoungua, na pembeni mwa mgongo hupita mistari hafifu iliyokatikakatika kwa vidoa vya rangi ya majivu. Halafu jicho: hapepesi kamwe. Kope ya chini imeungana na ya juu ikawa kioo chembamba kilichofunika jicho moja kwa moja, kama la nyoka. Ndiyo maana ya jina lake la Kigiriki, "kope iliyofichika". Kwa kiumbe anayekaa mahali ambapo kila dakika kuna rasharasha ya chumvi na chembe za mchanga, kioo hicho ni mali kubwa, na akijivua ngozi, tabaka la juu la kioo hutoka pamoja nayo.

Kwa hiyo si mtoto wa kenge. Mtoto wa kenge akitoka kwenye yai tu anazidi sentimita 20, ana madoa na mikanda ya manjano, na ulimi wake umegawanyika kama uma. Mnaambiwa kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, ila katika msafara huu wa mwambani kenge hayumo. Sumu pia hana. Hana meno ya sumu, hana mate yanayochoma, na kinywa chake ni kidogo hivi kwamba akimng'ata mtoto kidole ni kama kubanwa na kibanio cha nguo kilicholegea. Jirani hasemi uongo kwamba watu hubabuka ngozi pale chini. Wanaochoma ni konyeza na viumbe wengine walio majini, na kwenye matundu ya mwamba kuna samaki mkunga mwenye meno makali, na huenda kuna nge. Mjusi ndiye anayeonekana, basi lawama zinamwangukia yeye. Mtoto akishuka avae viatu vya mpira, na asiingize mkono kwenye tundu asiloona mwisho wake.

Umeuliza anaishije kwenye chumvi. Hapa ndipo penye kisa kizima, na ukikielewa, jibu la ukuta litakuja lenyewe.

Chukua kwanza chura. Ngozi yake hupitisha maji, kwa hiyo ukimtia baharini chumvi inamnyonya maji hadi anakufa. Ngozi ya mjusi ni kitu kingine. Magamba yamepandana kama vigae vya paa, ndani yake kuna mafuta yanayozuia maji kupita, na chini ya magamba ya skinki kuna vibamba vya mfupa. Wimbi likimpiga, maji yanateleza. Kwa nje, basi, chumvi haimsumbui. Taabu ni ya ndani. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, karibu mara tatu ya majimaji ya mwilini mwake, na figo za mijusi haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kuliko damu. Akinywa maji ya bahari atatumia maji mengi kuitoa ile chumvi kuliko aliyoyapata. Kwa hiyo analoweza ni kupata maji kwenye nyama ya anachokula na kwenye matone ya umande na mvua juu ya jiwe, na kuyatunza. Angalieni vinyesi vyake vidogo mwambani: kijiti cheusi chenye ncha nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake, umekaushwa ukawa kama chokaa ili tone la maji lisipotee. Sasa mnaona kwa nini ndoo ya maji ya bahari haikuwa nyumba ya kumfaa.

Anachokula ni kaa wachanga, wadudu wa pwani wenye miguu mingi wanaokimbia kama mende, viroboto wa mchangani, nzi wanaotua kwenye mwani uliooza, na mara nyingine visamaki vilivyokwama kwenye vidimbwi. Chakula hicho kiko chini, kwenye jiwe ambalo bahari hulifunika mara mbili kila siku. Ndiyo sababu mnamwona akishuka. Mjerumani Hans Fricke, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1970 kuhusu jamaa yake wa karibu kule Madagaska, alieleza maisha hayahaya ya kuwinda pale maji yanapopwa. Kuingia majini ni njia ya kukimbia au ya kumfuata windo. Hupiga mkia kulia na kushoto, miguu ameibana mbavuni, kisha hutoka haraka na kujibandika juu ya jiwe lenye joto. Rangi yake nyeusi inamsaidia hapo, hunyonya jua upesi. Mwili mdogo hupata moto upesi na kupoa upesi, na akiwa ameloa upepo humpoza zaidi, kwa hiyo maisha yake ni kushuka, kula, kupanda kuota jua, kushuka tena.

Pwani yenu ina jambo moja linalompendelea. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na hufika chini kabisa asubuhi, karibu na saa nne au saa tano. Yaani meza hutandikwa wazi wakati jua limeshapasha jiwe, kwa mnyama ambaye usiku hawindi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka, saa hizohizo maji huwa yamejaa, na ndiyo siku mnazowaona wamesongamana juu karibu na kiwanja chenu. Nadhani mmeshangaa siku nyingine wengi, siku nyingine wachache. Hawakuhama. Saa ya maji imebadilika tu, kwa takribani dakika 50 kila siku.

Lakini hakuna mjusi anayeishi chini muda wote. Maji yakijaa, na usiku kucha, anahitaji ufa mkavu wa kumtosha tu, aingie mpaka yangeyange na kaa wasimfikie. Na mayai, ambayo ni moja au mawili tu kwa uzazi mmoja, lazima yawe juu ya mstari wa maji ya bamvua. Yai likifunikwa na bahari, kilichomo hukosa hewa na chumvi hulinyonya maji. Pima sasa kwa macho: chukua alama ya juu kabisa ya maji ya bamvua, pale mwamba unapoanza kuota majani, hadi ukingo wa kiwanja chenu. Ni ukanda mwembamba. Huko ndiko wanakolala na kuzaa wale wote unaowaona chini. Na hukohuko, hatua kwa hatua, ndiko fundi anataka kuweka ukuta.

Kwa hiyo swali lako la "watakwenda wapi" jibu lake ni kwamba hawatakwenda. Mjusi hatoki kwa sababu tundu linazibwa. Hurudi nyuma zaidi ndani ya ufa, saruji inamfunika. Wachache watakaokuwa nje watabaki na chakula tele chini na pasipo pa kulala. Kusogea mwamba wa pili si rahisi, maana kati ya mwamba na mwamba kuna mchanga mtupu au mikoko, na mjusi wa sentimita 10 akiwa wazi mchangani anaonwa na kila ndege. Spishi hii haitatoweka duniani kwa sababu ya kiwanja kimoja. Kundi la mwamba wenu litatoweka, na likitoweka linaweza lisirudi. Mababu zao walifika mbali, kwani ndugu zao wako Komoro, Madagaska, visiwa vya Pasifiki hadi Australia, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 uliunga mkono kwamba walivuka bahari, yamkini juu ya magogo na takataka za miti. Safari ya namna hiyo hutokea kwa bahati, katika maelfu ya miaka. Haijazi pengo la ukuta wa mwaka huu.

Nisingekuandikia haya kama ukuta ungekuwa ndio unaoiokoa nyumba. Mwamba wa matumbawe ni chokaa yenye matundu. Mvua inayonyesha kiwanjani kwenu hupenya na kutokea kwenye hayohayo matundu ya usoni. Ukiyaziba, maji hubaki nyuma ya zege, yanasukuma, na baada ya misimu michache ukuta unapasuka au kubanduka na kipande cha mwamba. Pili, mawimbi huchonga mwamba kwa chini, usawa wa maji, ukabaki umening'inia kama paa. Shukeni maji yakipwa mkatazame kutoka mbali kiasi, bila kusimama chini yake. Kama kuna mwamba ulioning'inia namna hiyo, kuongeza tani za zege juu yake ni kuharakisha kuanguka kwake. Hapo fundi wa kawaida hatoshi, hata awe hodari vipi wa nyumba. Anatakiwa mhandisi aliyesajiliwa, afike apime.

Na kuna sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu, au zinazoweza kwa asili yake kuharibu hifadhi ya ufukwe. Kabla ya kutoa hata shilingi ya malipo ya awali, nendeni kwa ofisa mazingira wa manispaa, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), mkaulize ujenzi mnaoutaka unahitaji tathmini gani. Kuvunjishwa ukuta uliokwisha kujengwa kunauma kuliko kuahirisha.

Mkiniuliza lililo bora, nitasema acheni uso wa mwamba kama ulivyo, na kama hofu ni mtoto kuanguka, wekeni uzio wa nguzo na nyaya mita kadhaa nyuma ya ukingo, chini yake pabaki wazi. Ngazi sina ugomvi nayo, ikijengwa kwa adabu. Iwe nyembamba, upana wa mita 1 unatosha, na isimamie nguzo chache zilizochimbiwa kwenye jiwe gumu, isiwe zege lililomwagwa likafunika mteremko mzima. Chagueni mahali ambapo mwamba una nyufa chache. Kupajua, kaeni asubuhi tatu zenye jua, saa tatu hadi saa tano, mkiwa mbali hatua kumi, mhesabu mijusi katika kila mita 5 za ukingo. Panapotoka wachache ndipo pa kupitisha ngazi. Mwanao wa miaka tisa ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi wakubwa, na daftari lake litafaa tena mwakani kuona kama hesabu imeshuka.

Nguzo zilizo kati ya alama ya maji mafu na alama ya bamvua zimwagwe zege siku maji mafu yanapoanza, mpate siku kadhaa za kukauka kabla bahari haijazifikia. Maji ya saruji mbichi ni makali kama magadi. Yakichuruzika kwenye kidimbwi huua kila kilichomo, kwa hiyo mbao za kufungia zege zisiwe na mwanya, na koleo na ndoo zioshwe juu kwenye kiwanja, si baharini. Msiruhusu mchanga wa ufukweni kuchanganywa, una chumvi, nondo zitaoza upesi. Kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Nondo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 5, na mhandisi akisema zaidi, mfuateni yeye.

Kama mhandisi ataona kweli mwamba unahitaji kushikiliwa, basi bado kuna ukuta na ukuta. Mawe makubwa yaliyopangwa bila kujazwa saruji katikati huacha mianya, hupitisha maji ya mvua na hupunguza nguvu ya wimbi. Mijusi huweza kuyatumia, hasa yakigusana na mwamba wa asili. Si sawa na nyufa za asili, nisikudanganye, lakini ni mbali na ukuta laini ambao kwake ni sawa na kioo.

Kuhusu panya na nyoka, zibeni nyumba, si mwamba. Upenyo chini ya milango, matundu ya mabomba, pembe za dari: hayo ndiyo ya kuziba. Panya wanafuata taka na mabaki ya chakula, na nyoka anafuata panya. Pipa lenye mfuniko litafanya kazi kuliko mifuko kumi ya saruji. Dawa ya kupulizia isitumike kabisa upande wa bahari. Dawa nyingi za wadudu za madukani ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa kaa, kamba na samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Mvua ya kwanza itaziosha hadi vidimbwini, na mjusi atakayeokoka atakula wadudu waliokufa kwa dawa hiyo. Kama mna paka, asubuhi na mchana abaki ndani au upande wa barabarani. Paka mmoja aliyejifunza njia ya mwambani huwawinda kila siku hata akiwa ameshiba.

Mwanao akitamani kumfuga, mwambieni ukweli: kukamata na kuweka mnyamapori bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na hata kibali kikipatikana, huyu anahitaji jiwe, jua na windo hai la kila siku, vitu ambavyo ndoo haiwezi kutoa. Yuko hatua thelathini kutoka mlangoni kwenu. Atamwona kila bamvua.

Msingoje jibu la kuandikiwa katika mambo haya: mtu akichomwa au kuumwa mwambani, pakavimba, pakawa na maumivu yanayozidi au akashindwa kupumua vizuri, aende hospitali mara moja, kwani aliyemdhuru si mjusi huyu. Mtoto akiharisha na kuwa na homa ndani ya siku chache baada ya kumshika, mpelekeni na mweleze daktari kwamba alishika mjusi. Nyufa mpya zikionekana kwenye sakafu au kwenye mwamba karibu na msingi, mwiteni mhandisi kabla ya kumwita fundi. Na mkiona mijusi wamepungua ghafla, au mkitaka uhakika wa jina, pigeni picha tatu, mgongo, vidole na jicho kwa karibu, mzipeleke Idara ya Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na daftari la hesabu. Andikeni tarehe, saa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanatoka.